Fimbo ya muzee na fimbo ya kundi

Mu quartier yetu hapa Likasi fimbo ilifanya kazi mara mbili mu mwezi moja. Mara ya kwanza iliokoa mutu. Mara ya pili karibu iue mutu. Mimi niliona zote mbili kwa macho yangu, na tangu ile siku kunyamaza kunanishinda.

Mara ya kwanza ilikuwa ya jirani yangu, muzee wa mugodi, mutu aliyepita miaka 70. Muguu wake wa kuume uliumia zamani mu kazi, kwa hiyo anatembeaka na fimbo. Siku moja, jua lilipoanza kuzama, alikuwa anatoka kutosha feza ambazo mutoto wake alimutumia kwa telefone. Vijana wawili wakamufuata. Moja akanyoosha mukono ku mufuko wake. Muzee hakukimbia. Atakimbia na muguu gani? Aliegemeza mugongo ku ukuta, akanyoosha fimbo mbele yake, ncha ikatazama kifua cha yule kijana. Kijana akienda kuume, fimbo inaenda kuume. Akienda kushoto, fimbo iko pale. Alipojaribu kukamata fimbo, muzee akamugonga kidogo ku kifundo cha mukono. Taa ya moto ikatokea ku kona, wale wawili wakapotea. Kesho yake nilimuuliza: "Papa, ulimupiga?" Akanijibu: "Hapana, mwana. Nilimukatalia tu njia."

Mara ya pili ilikuja kama siku kumi nyuma. Wezi waliingia mu lupango ya mama moja anayeuzisha mampa, wakabeba unga na feza ya kazi yake. Vijana wa quartier walitoka na fimbo, na mipini ya majembe, na vyuma. Ku barabara wakakuta kijana moja anatembea peke yake. "Ni yeye!" Nani alisema "ni yeye"? Mupaka leo hakuna mutu anayejua. Walimupiga. Walipochoka kupiga, mama moja akafungua mufuko wa yule kijana: ndani kulikuwa gamela ya bukari na kofia ya kazi. Alikuwa anatoka ku kazi ya usiku. Aliwahi kutoka mapema juu ya homa.

Alibaki na uzima, tushukuru Mungu. Lakini mukono wake wa kuume haufungi tena vizuri. Ninyi mnaosoma hapa munajua mukono wa kuume ni nini kwa mutu wa mugodi.

Nilikuwa pale. Nilisimama ku mulango wa lupango yangu. Sikupiga, lakini sikusema neno. Ile nayo ni kupiga.

Tangu siku ile quartier imegawanyika. Wamoja wanasema: "Tuondoe fimbo zote mu mikono ya batoto." Wengine wanasema: "Wezi wanazidi, kila nyumba iwe na fimbo nyuma ya mulango." Mimi naona wote wanatazama muti, hawatazami mukono. Fimbo ya muzee na fimbo ya kundi zilikatwa mu pori moja. Tofauti yao ni kwamba ya muzee ilikuwa na sheria, na ile ingine haikuwa na sheria hata moja. Maoni yangu ni haya: tuwafundishe vijana fimbo muchana, mbele ya watu, na sheria zake, juu tukikataa, watajifundisha wenyewe usiku. Na wameisha kuanza.

Musifikiri ninatunga kitu cha ajabu. Kujikinga na fimbo ya kutembelea ni elimu ya zamani, ina walimu na vitabu vyake. Na moja kati ya watu walioitangaza zaidi alikuwa mutu wa kazi yetu, kazi ya madini.

Jina lake ni Edward William Barton-Wright, Mwingereza aliyezaliwa Uhindi katika mwaka 1860. Alikuwa injinia. Kampuni za migodi zilimutuma Misri, Ureno na upande wa Malaya. Nyuma alienda Japani, mu muji wa Kobe, kufanya kazi ya kuyeyusha antimoni. Wenzetu wanaofanya kazi ku mafurno wanajua ile maisha: moto, moshi, na ukitoka umechoka sana. Lakini yeye, akitoka ku kazi, alikuwa anaenda kujifunza jujutsu kwa walimu wa Kijapani. Aliporudi London katika mwaka 1898, alichanganya vitu vine: jujutsu, ngumi, mateke ya Kifaransa yanayoitwa savate, na fimbo. Akaunganisha jina lake na jina la jujutsu, akaita ile elimu Bartitsu.

Fimbo hakuijua yeye mwenyewe. Alimuita mwalimu Musuisi, Pierre Vigny. Musingi wa elimu ya Vigny unafaa kusikia, juu unafanana na kile muzee wetu alifanya bila kufundishwa na mutu.

Watu wengi wakishika fimbo wanaiweka mbele, mukono chini, sawa mutu anashika upanga. Vigny alisema ile ni kosa, juu fimbo ya kutembelea haina chuma cha kulinda vidole. Adui anapiga vidole, fimbo inaanguka, mambo yamekwisha. Kwa hiyo alifundisha kuinua mukono wa fimbo juu, na kubaki mbali. Unamuachia adui sehemu ya mwili ionekane wazi. Yeye akija kuipiga, wewe unakwisha kuondoka, na mukono wake njo unabaki karibu na fimbo yako. Alifundisha pia kubadilisha fimbo toka mukono wa kuume kwenda wa kushoto, ili adui asijue pigo linatoka wapi. Na mapigo mengine yalitafuta vifundo vya mikono, magoti, mifupa ya muguu: mahali ambapo mutu anaacha kushambulia lakini hafi.

Katika mwaka 1901 Barton-Wright aliandika haya mu gazeti moja la London, pamoja na picha za kuonyesha kila hatua. Wakati ule Paris na London zilikuwa na vikundi vya vijana wanyang'anyi, na magazeti yalikuwa yanawazungumuza kila juma. Watu walikuwa wameacha zamani kubeba upanga mu muji. Kitu kilichobaki mu mukono wa bwana ni fimbo yake. Hata Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadizi za Sherlock Holmes, aliitaja ile elimu katika mwaka 1903, ingawa aliandika jina vibaya.

Sasa, ilikwisha namna gani? Ilikwisha mbio. Nyumba ya mazoezi ya Barton-Wright ilifungwa karibu na mwaka 1902. Ilikuwa nyumba ya mabwana, maofisa na watu wa feza. Mutu wa kubeba mizigo ku bandari, aliyekuwa anarudi kwake usiku mu njia ya giza, hakuwa na nafasi pale. Mwenyewe Barton-Wright alikufa katika mwaka 1951, masikini, akazikwa mu kaburi la watu wasio na kitu. Mimi nachukua somo moja pale: elimu ya kujikinga ikikaa kwa wale wasiokuwa na hatari, inakufa.

Lakini mbegu zake hazikukufa zote. Mwanamuke moja, Edith Garrud, alipata kujua jujutsu kwa njia ya Barton-Wright. Zaidi ya miaka kumi nyuma, yeye njo alifundisha wanawake wa Uingereza waliokuwa wanadai haki ya kupiga kura, ili polisi wasiwakokote na kuwatupa chini. Katika Uhindi, ofisa wa polisi H. G. Lang alitoa kitabu katika mwaka 1923 juu ya kujikinga na fimbo ya kutembelea, na ndani yake unaona mukono wa Vigny. Na tangu mwaka 2002 kuna watu waliofanya chama cha kutafuta zile karatasi za zamani, kusoma picha moja moja, kujaribu tena kila hatua na kuifundisha. Wanaokota elimu sawa vile creuseur anarudi ku kilima cha mabaki na kukuta kwamba wa kwanza waliacha kitu.

Wafaransa walifika mbali zaidi. Kwao fimbo inaitwa canne. Mwalimu Joseph Charlemont aliandika kitabu juu ya savate na canne katika mwaka 1899. Vita viwili vya dunia vilikula walimu na wanafunzi, na canne ikabaki kidogo ipotee. Katika miaka ya 1970, Maurice Sarry na wenzake waliipatia sheria mupya, ikawa muchezo wa mashindano. Leo inachezwa na vijana, wanaume kwa wanawake.

Tutazame zile sheria kidogo, juu pale njo kuna akili yote. Fimbo ni ya muti mwepesi, urefu wake karibu sentimita 95, uzito wake haufiki hata gramu 150. Wachezaji wanavaa kofia ya wavu inayofunika uso, na nguo nene. Wanapigania ndani ya duara. Kuchoma na ncha ni marufuku. Kila pigo lazima lianzie nyuma ya mwili, mukono ukiwa umerudi kabisa, na lifike mahali panapokubaliwa: kichwa, ubavu, muguu chini ya goti. Kwa nini waliweka sheria ya kurudisha mukono nyuma? Ili mwenzako aone pigo linakuja na apate nafasi ya kujikinga. Fikiria ile, ndugu yangu. Sheria inakulazimisha kumupatia adui wako nafasi. Ku barabara yetu, ule usiku, yule kijana wa gamela alipata nafasi gani?

Mutu ataniambia: "Muzee, hii yote ni mambo ya Wazungu." Hapana. Twende Misri, ku Bara letu hili hili. Ku Misri ya juu, kandokando ya muto Nili, kuna muchezo wa fimbo ndefu unaoitwa tahtib. Ku kuta za makaburi ya zamani za Misri, sawa yale ya Beni Hasan, kuna picha za watu wanapigana na fimbo, na zile kuta zina umri wa miaka maelfu. Zamani ilikuwa elimu ya vita. Leo ni muchezo wa sikukuu na wa arusi: ngoma inalia, filimbi inalia, watu wawili wanaingia mu duara, fimbo zinazunguka juu ya vichwa vyao. Na hapa sikiliza vizuri: hawaruhusiwi kugongana mwili. Ushindi ni kuonyesha kwamba ungeweza kumufikia mwenzako, na ukasimamisha fimbo. Katika mwaka 2016 UNESCO iliandika tahtib mu liste ya urizi wa watu wote.

Ku kusini nako, Nelson Mandela mwenyewe alieleza mu kitabu cha maisha yake namna alivyojifunza kupigana na fimbo alipokuwa mutoto anachunga ng'ombe Qunu. Kwao kila mutoto wa kiume alipitia pale: kukinga, kudanganya pigo, kuruka. Haikumufanya mwuaji.

Kwa hiyo siongei juu ya kitu kigeni. Lakini nisipowaambia upande mubaya, nitakuwa ninawadanganya. Na upande mubaya unatuhusu sisi watu wa migodi kupita wote.

Mu miaka ya 1940, Wasotho wengi walikuwa wanaenda kufanya kazi mu migodi ya zahabu karibu na Johannesburg. Walikuwa wageni. Feza za mushahara mu mufuko, luga ya wenyeji hawaijui vizuri, vijana wezi wa muji wakawa wanawavizia. Basi Wasotho wakajiunga. Kila moja na blanketi yake na fimbo yake ya kwao, inayoitwa molamu. Walijiita Marashea, maana yake Warusi, juu mu vita ya dunia Warusi njo walisikika kwa kupiga Wadachi. Ku mwanzo lilikuwa jambo la kusaidiana: kulinda ndugu anayerudi ku nyumba, kusindikiza maiti ya mwenzao ku mazishi. Watu walifurahi.

Nyuma yake ikawa nini? Marashea waligawanyika sehemu mbili, wakaanza kupigana wao kwa wao. Nyuma ya fimbo zikakuja shoka, nyuma ya shoka zikakuja bunduki. Wakalazimisha watu kulipa feza ya ulinzi. Wanawake wakawa mali ya kundi. Wale waliokuwa wanalinda mufanyakazi wakawa wale wale ambao mufanyakazi anawaogopa. Ile hadizi ilienda miaka makumi mingi. Na wote walianza na neno ambalo nalisikia leo ku quartier yetu: "Tutajilinda wenyewe."

Sasa munaona mbele yetu kuna njia mbili. Njia ya duara, na njia ya kundi. Mu duara kuna watu wawili, kila moja na fimbo yake, muchana, watu wanatazama, mwalimu akisema "simama" wanasimama. Mu kundi kuna watu makumi mawili, mwenye kupigwa hana kitu, ni usiku, na hakuna mutu wa kusema "simama". Mimi nilipashwa kuwa yule mutu. Nilikosa.

Nitajibu sasa maneno matatu ambayo watu waliniambia nilipoanza kuzungumuza jambo hili.

La kwanza ni la mama moja mukubwa wa kanisa. Aliniambia: "Fimbo? Babu yangu alikula fimbo ya Bula Matari mupaka mugongo ukabaki na alama. Mimi sitaki kuona fimbo mu mikono ya wajukuu wangu." Namuheshimu, na nasema ana haki ya kuumia. Mu Kiswahili chetu cha hapa, neno fimbo linabeba muti wa kutembelea, na linabeba pia ile ngozi ya kiboko iliyopiga watu wetu. Lakini, mama, tazama tofauti. Fimbo ya Bula Matari ilikuwa na upande moja: moja anapiga, mwingine amelala chini, amekamatwa mikono na miguu. Alikatazwa kujikinga. Elimu ninayoongea inaanza paka pale babu alipokatazwa: somo la kwanza ni kukinga. Na fimbo ya lile kundi letu, ule usiku, haikufanana na tahtib. Ilifanana na ya Bula Matari.

Neno la pili lilitoka kwa kijana anayechimba: "Papa, wezi ba leo beko na bunduki. Fimbo itafanya nini?" Jibu langu ni fupi: mbele ya bunduki, fimbo haifanyi kitu. Toa telefone, toa feza, rudi kwa mama yako ukiwa muzima. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayekuambia kitu kingine. Lakini si kila mwizi ana bunduki. Wengi ni wale wawili wa muzee: vijana wanaotafuta mutu zaifu. Mutu anayesimama vizuri, anayetazama, anayejua urefu wa fimbo yake, hawamuoni tena kama zaifu. Na kuna kitu kingine: mutu aliyejifunza anajua kipimo cha nguvu zake, kwa hiyo anajua pia wakati wa kukimbia. Mwenye hajajifunza njo anakufa juu ya telefone.

Neno la tatu ni la muzee mwenzangu: "Unawaachia wakubwa kazi yao. Taa za barabara ni kazi ya nani? Gari la kurudisha watu wa usiku ni kazi ya nani? Polisi ni kazi ya nani?" Hapa sina cha kubishana. Fimbo haiwashi taa. Mufanyakazi anayetoka ku mugodi saa sita ya usiku anapashwa kurudishwa mupaka karibu na mulango wake, na wanaomutumikisha wanajua. Tusiache kudai ile hata siku moja, mu sendika, mu mikutano, mu gazeti hili. Mutu asikuje kutuambia "munafundisha fimbo, basi gari haitakiwi tena". Lakini wazee walisema fimbo ya mbali haiue nyoka. Taa ya kesho haisaidii mama anayetoka ku soko leo.

Kuna jambo la sheria nalo. Watu wengi wanafikiri légitime défense ni ruhusa ya kupiga mwizi. Si vile. Inamaanisha kwamba hatari iko mbele yako saa ile ile, hauna njia ingine, na nguvu unayotumia inalingana na ile hatari. Muzee aliyegonga kifundo cha mukono ulionyooshwa ku mufuko wake alikuwa mu haki. Kama yule kijana angekimbia, na muzee angemufuata na kumupiga mugongoni, haki ingekwisha pale pale. Na watu makumi mawili kumuzunguka mutu moja, hata kama ni mwizi wa kweli, ile haina jina la kujikinga. Ni makosa, na kila mwenye kunyoosha mukono anaweza kuitwa ku tribinali.

Basi tufanye nini? Mimi si mwalimu wa fimbo. Mimi ni mutu aliyesoma, aliyeona, na aliyejuta. Lakini naona mambo manne ambayo quartier yoyote inaweza kufanya bila feza mingi.

Moja: mahali pawe wazi na muchana. Siku ya yenga kisha ibada, ku kiwanja ao ku sale ya zamani ya mazoezi. Chef wa quartier ajue, polisi wajue, majina ya wanaokuja yaandikwe. Kitu kinachofichwa kinazaa kundi.

Mbili: tuanze na wazee na wanawake, tusianze na vijana wenye nguvu. Muzee ana fimbo tayari mu mukono. Mama anayetoka ku soko anaweza kubeba mwavuli. Ule nao ni fimbo. Wao wanajifunza vitu vitatu tu: kukaa mbali, kuinua mukono, na kurudi nyuma kufuata ukuta mupaka mahali penye watu. Vijana wakuje kuwasaidia na kujifunza kwa kuwaona. Kijana aliyemufundisha mama yake kujikinga, itamuwia vigumu kumupiga mutoto wa mama mwingine.

Tatu: tusigongane kichwa. Hatuna kofia za wavu za Wafaransa, na bei yake si ya mufuko wetu. Kwa hiyo tuchukue njia ya Wamisri: pigo linafika, linasimama mbele ya mwili. Fimbo iwe nyepesi, ya urefu wa kiuno, isiyo na chuma wala musumari. Mu muji wetu kuna walimu wa judo na wa ngumi ambao wanajua kuongoza mazoezi na kusimamisha ugomvi. Tuwaombe watusaidie.

Ine, na hii njo kubwa kupita zote: mutu yeyote anayetumia fimbo mu kundi juu ya mutu moja, anafukuzwa. Hakuna kuuliza kama aliyepigwa alikuwa mwizi ao hapana. Anafukuzwa, na jina lake linatolewa kwa chef wa quartier. Bila sheria hii ya ine, musianze kabisa, juu mutakuwa munafundisha Marashea wa kwetu.

Wiki iliyopita nilienda kumuona yule kijana. Anakaa kwa dada yake. Nilimupelekea unga na mafuta kidogo, nikamuambia kwamba nilikuwa pale ule usiku. Alikaa kimya. Nyuma akasema: "Yaya alikuwa ananiambiaka kila siku, tembea na fimbo, usiku ni mubaya. Mimi nilimujibu, nikibeba fimbo batasema miye njo mwizi." Sikupata jibu la kumupatia, na mupaka leo ninalitafuta.

Nilimuomba pia jirani yangu, yule muzee, kama atakubali kuonyesha watoto kile alichofanya siku ile. Alicheka. Akasema muguu haumuruhusu kusimama saa nzima, tumutafutie kiti. Kiti kiko. Lupango yangu si kubwa, lakini watu sita wanaweza kusimama na kunyoosha fimbo bila kugusana. Siku ya yenga inayokuja, saa nane, mulango utakuwa wazi. Wale waliokuwa na mipini ya majembe ule usiku, nao wakuje. Wao njo ninawangojea wa kwanza.